Kikohozi Kilichofika Elwak

Nyinyi vijana mnaofunga spika kwenye harusi za hapa Garissa, mkipita dukani kwangu mnaniita "Adeer Fundi", yaani ami fundi, na kuniuliza kama ni kweli zamani tulikuwa tunakata utepe wa kaseti kwa wembe na kuuunga tena. Ni kweli. Mmeniomba niandike habari za kazi hiyo. Nimeanza mara tatu kwenye daftari hili na kuchana mara mbili. Shule yangu iliishia darasa la tano, na wapo watu waliokuwepo wakati ule ambao wangeeleza vizuri kuliko mimi. Lakini kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu, kwa hiyo nadhani hata kulieleza ni juu yangu.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Katika miaka ya tisini simu zilikuwa chache, na barua ilihitaji anayejua kuandika huku na anayejua kusoma kule. Watu walituma kaseti. Mama anakuja dukani, anakaa, anazungumza na mwanawe aliye Mandera kama vile yuko mbele yake, anamgombeza, analia, anamsalimia kila mbuzi kwa jina. Mimi narekodi, natia alama juu ya karatasi ya kaseti, nampa dereva wa lori na kumtajia jina la mpokeaji. Juma linalofuata jibu linarudi. Siku za harusi na mikutano nilikodisha vipaza sauti, zile honi za bati mlizoziona kwenye paa langu mkadhani ni za kutegea maji ya mvua.

Aliyenifundisha ni Mzee Gedi, Mungu amrehemu. Alinifundisha kusafisha kichwa cha redio kwa spiriti na pamba, kuficha kaseti ndani ya mtungi wakati wa jua kali ili utepe usijikunje, na kuzipasha betri juani zikichoka. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu, alama. Alisema, "Waryaa Hillow, kaseti isiyo na alama ni kama mtu asiye na kipande Garissa hii. Itashikwa na kupelekwa isikojua." Nilicheka. Kwetu mtu bila kitambulisho hakufika mbali, na utani ule tuliujua sote.

Jambo lingine, nalo ni la aibu. Wenzangu wote walipima maiki kwa kuhesabu, moja, mbili, moja, mbili. Mimi niliona haya kuhesabu mbele ya watu wazima kama mtoto wa chekechea, kwa hiyo nilikuwa nakohoa. Kikohozi kifupi, halafu kirefu. Mji mzima ulikijua. Fundi akikohoa mara mbili, watu wanavaa viatu, mkutano unaanza. Nilijivunia kikohozi changu, Mungu anisamehe.

Sasa mchezo. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mchezo wa kuigiza ambao mama zetu waliupenda kuliko sukari. Mke wa mfugaji anaachwa nyumbani, mume amekwenda mbali na ngamia. Mvua mbili zinapita. Kijana mmoja anakuja mlangoni kuomba maji, kisha wanakutana kisimani, nanyi mnajua yatakayofuata. Mume anarudi, mke anamnywesha maji, halafu anamwambia ukweli wote. Ulichezwa kwa Kisomali, na wanawake walijua maneno yake yote. Wakitwanga mtama mmoja anasema maneno ya mke, mwenzake anajibu ya kijana. Halafu ukapotea. Waigizaji walizeeka, na nyakati zikawa mbaya.

Aliyetaka kuufufua ni Maalim Dubow, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye moyo wa moto. Alikwenda kwa wazee. Niseme haki, wazee hawakukataa. Walitoa masharti mawili tu. Mchezo uchezwe baada ya asri na umalizike kabla ya maghribi, kwa sababu usalama ulikuwa mbaya na watu walitaka kuwa nyumbani mapema. Na mwanamke asipande jukwaani.

"Sasa mke nimtoe wapi?" Maalim aliniuliza. "Nikimvika mwanamume dirac, gauni la kike, watacheka mpaka maghribi."

Sijui ni mimi au ni yeye aliyefikiria kwanza. Daftari langu la wakati ule linasema ni mimi, lakini daftari ni langu, lazima liseme hivyo. Tulikubaliana kujenga jukwaani kibanda cha mikeka, kile cha wafugaji, na ndani yake tuweke spika. Mke hataonekana. Sauti yake itatoka kibandani, na kijana na mume watazungumza na mlango.

Sauti tuliyoitaka ilikuwa ya Dahabo. Alikuwa mke wa Abdinoor, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa anakaa Elwak, upande wa Mandera, miezi mingi. Mama yake Dahabo alikuwa bingwa wa maneno yale, na Dahabo alikuwa ameyanyonya pamoja na maziwa. Alisita.

"Abaayo, dada yangu, hakuna atakayejua," nilimwambia. "Mimi, Maalim na mke wangu Zeinab. Basi."

"Na baba Hamdi," akasema. Hamdi ni binti yao. "Sifanyi jambo nyuma yake. Narekodi kaseti mbili. Moja ya mchezo, uiweke. Nyingine ya kumuomba ruhusa, uitume. Akisema ndiyo, mtacheza ile ya kwanza. Akisema hapana, utaifuta mbele yangu."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa maagizo yaliyo wazi namna hiyo. Nayarudia hapa ili msije mkamlaumu yeye.

Tulirekodi mchana, kwenye chumba cha nyuma ya duka. Zeinab alikaa kwenye kigoda mlangoni akipepeta mtama, ili Dahabo asiwe peke yake na mwanamume. Dahabo alisema maneno ya mke peke yake, na pale ambapo kijana angejibu jukwaani tuliacha kimya. Kupima kimya hicho ndiyo ilikuwa kazi. Nilishika tasbihi, nikawa nayasema maneno ya kijana moyoni huku nikivuta punje. Jibu fupi punje saba, jibu refu punje ishirini, halafu nampungia mkono Dahabo, anaendelea.

Kwa hiyo kaseti ikawa hivi. Mwanamke anasema, "Njoo karibu, wazee wamekwenda kuswali." Kimya. "Mume wangu amekwenda na ngamia, na mvua mbili zimepita." Kimya. "Usiniulize kama nampenda. Niulize kama naukumbuka uso wake." Kimya kirefu. Na katikati ya kimya hicho kirefu, vumbi la mtama wa Zeinab likaniingia kooni, nikakohoa. Kifupi, halafu kirefu.

Nilitaka turudie. Dahabo akasema amechoka na mtoto analia nyumbani. Nikasema haidhuru, jukwaani hakuna atakayesikia.

Alama zangu niliweka kwa hina, kwa sababu wino wa kalamu ulikuwa unakimbia kwa joto. Barua napaka tone la hina kwenye karatasi yake, kaseti za kazi siweki kitu. Jioni ile nilipaka tone kwenye barua ya Dahabo, na kwa haraka nikaweka kaseti moja juu ya nyingine kabla hina haijakauka. Asubuhi zote mbili zilikuwa na doa. Lori lilikuwa linapiga honi nje, dereva anaita, "Fundi, nakuacha!" Ningezisikiliza, lakini betri nilikuwa nazitunzia harusi. Nikachagua ile yenye doa lililokolea. Nikampa.

Siku ya tatu tulifanya mazoezi kwenye ukumbi. Tulikuwa hatujapata jibu la Abdinoor, lakini Maalim alitaka nijaribu tu kama spika inasikika kibandani. Watu sita walikuwa wamesimama. Nikabonyeza. Kibandani ikatoka sauti ya Dahabo, ya upole, "Assalaamu aleikum, baba Hamdi. Mtoto ameota jino la mbele. Nina jambo la kukuomba..."

Nilizima. Mmoja wa waigizaji akasema, "Huyo nani?" Maalim akasema ni barua ya mteja, tuendelee.  Barua ilikuwa hapa. Elwak ilikuwa imekwenda ile nyingine, mke wa mtu akimkaribisha mwanamume asiyesikika, kisha mwanamume anakohoa.

Niwaambie hofu yangu ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipambe. Hofu ya kwanza ilipaswa kuwa ya Dahabo. Haikuwa. Ya kwanza ilikuwa ya kikohozi. Ya Dahabo ilikuja ya pili, labda baada ya kuvuta pumzi tatu. Nimeliandika hilo kwenye daftari siku ile ile na sijalifuta.

Tena nikachelewa kumwambia. Siku nzima nilikaa nayo. Zeinab ndiye aliyenisukuma. "Unangoja nini? Ajue kwa mashemeji?"

Dahabo alikuwa anafua tulipofika. Nilimweleza. Hakupiga kelele. Alikamua nguo aliyoishika, akaikamua tena, haikuwa na maji tena, akaendelea kuikamua.

"Ni kipande gani? Cha mlangoni tu, au na cha kisimani?"

"Vyote viwili."

"Na kikohozi?"

"Na kikohozi."

Akamtazama Zeinab, kisha akacheka kicheko kibaya, cha mara moja. "Abdinoor si mtu wa kupiga kelele, abaayo. Angekuwa wa kelele nisingeogopa."

Kesho yake ujumbe ukaja. Dahabo mke wa Abdinoor aende kwenye taar saa nne asubuhi. Nyinyi hamkuijua taar. Ilikuwa redio ya masafa, chumba kimoja chenye mashine na betri ya gari. Unasema, unasema "ova," unaachia kitufe, mwenzako anajibu. Siri haikuwepo. Waliojaa chumbani wanasikia, na vituo vingine navyo vinasikia, Buna, Bute, popote penye waya juu ya mti. Na talaka zilikuwa zinatolewa humo. Mwanamke mmoja tuliyemjua alikwenda kuulizia gunia la sukari akatoka ameachwa.

Sasa fikirini. Dahabo hakuweza kueleza. Angesema ni mchezo, mji mzima ungejua sauti ya kibandani ni yake, na mume alikuwa hajatoa ruhusa. Angenyamaza, mume angebaki na alichokisikia. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumpa, sikupata hata moja. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno ya watu.

Chumba kilijaa. Zeinab alimshika Dahabo mkono. Mashine ikakoroma, sauti ya Abdinoor ikaja kama inatoka chini ya mchanga.

"Dahabo. Kaseti nimeipata. Ova."

 Wazee wawili waliokuwa wanabishana juu ya bei ya ng'ombe wakageuka kututazama.

Dahabo akabonyeza. "Ile si barua, baba Hamdi. Ova."

Mkoromo. Nilijikuta navuta punje za tasbihi mfukoni. Nilifika kumi na nne.

"Najua si barua. Nakuja. Ova."

Halafu hakuna kitu. Mwenye taar akaita, "Elwak, Elwak," Elwak haikujibu. Mzee mmoja akasema, "Mashallah, mume anakuja," na watu wakatabasamu, maana maneno yale kwa mgeni yalikuwa mema. Sisi watatu hatukujua kama tumesikia msamaha au hukumu.

Siku tano tulingoja. Dahabo alifungasha nguo za mtoto kwenye mfuko, akazifungua, akazifungasha tena. Kaka zake hatukuwaambia, kwa sababu wangejua, lingekuwa jambo la ukoo na ukoo, na mambo hayo yakianza hayasikilizi kaseti. Maalim hakulala vizuri, lakini hakuahirisha mchezo. Mimi nilifunga duka mapema kila siku, na kila nilipohisi kifua kinawasha nilikunywa maji ili nisikohoe barabarani.

Abdinoor alikuja siku moja kabla ya mchezo, moja kwa moja dukani kwangu, na vumbi la lori mwilini. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Kaseti alikuwa ameifunga kwenye leso.

"Assalaamu aleikum. Wewe ndiye unayekohoa?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Kilichotoka ni, "Ndiyo."

Zeinab akatoka nyuma ya pazia, ungo mkononi. "Nami nilikuwa hapa, nimekaa kwenye kigoda hiki hiki. Vumbi la mtama wangu ndilo lililomkohoza. Ukitaka kumlaumu mtu kwa kikohozi, anza na mtama."

Abdinoor akamgeukia. "Najua, abaayo," akasema, akakaa juu ya kigoda chenyewe.

Alitueleza polepole. Aliipata kaseti mchana, akaenda nayo nyuma ya hoteli asikilize habari za mwanawe. Baada ya kuisikia alitoka kutafuta gari la kuja Garissa siku ile ile. Halikuwepo. Magari yote yalikuwa yanangoja askari wa kusindikiza. "Nilikuwa na kitu kiunoni," alisema. "Sitasema zaidi. Gari lingekuwepo, leo tusingekuwa tunazungumza." Kwa siku mbili alikaa pale hotelini na redio ndogo sikioni, akirudisha na kurudisha, akitafuta ndani ya kila kimya sauti ya mwanamume. Akapata kikohozi tu. Alikijua. Alishawahi kukisikia kwenye mkutano.

Siku ya pili betri zilichoka, akaongeza sauti ili asikie. Bibi kizee mmoja muuza chai alikuwa anakoroga sufuria upande wa pili wa moto. Dahabo akasema kwenye redio, "Njoo karibu, wazee wamekwenda kuswali." Kimya. Na kizee, bila kuinua macho kwenye sufuria, akajibu, "Nimekuja kwa maji tu, na kiu haina adabu." Dahabo akasema linalofuata. Kizee akajibu tena, na jibu likatoshea ndani ya kimya sawasawa. Akajibu mpaka mwisho. Halafu akamwambia Abdinoor, "Mwanangu, huyo mwanamke anajua. Lakini huyo fundi wenu anakohoa mahali pabaya."

Zeinab alicheka, na mimi nikacheka. Abdinoor hakucheka, tukaacha.

"Barua yangu iko wapi?" akauliza.

Nikamwekea. Tulitaka kutoka, akatuzuia kwa mkono. Dahabo alimweleza jino la mtoto, kisha mchezo, kisha akasema, "Hakuna atakayeniona. Ukikubali nitafurahi. Ukikataa nitanyamaza, na sitakununia." Abdinoor aliisikiliza mara moja tu.

"Jibu langu ni hapana," alisema. "Sikatazi mchezo. Mama yangu aliupenda. Nakataza kaseti. Nimeisikia mara nyingi kabla sijajua ni nini, na sitaki kuisikia hata mara moja zaidi. Hata nikijua." Akafungua leso, akaingiza kidole kwenye kaseti ya mchezo, akavuta utepe wote, ukajaa sakafuni kama nywele.  Kuna waliosema baadaye kwamba alikuwa mkali. Mimi siwezi kusema hivyo. Nilimtesa mtu siku mbili kwa sauti ya mke wake mwenyewe, na yeye akavuta utepe tu.

Maalim nilipomwambia akasema, "Watu wameshaalikwa. Kibanda kitakaa pale pale."

"Na nani atajibu?"

"Sijui, Hillow. Usiniulize."

Ukumbi ulijaa. Wanaume upande mmoja, pazia katikati, wanawake upande wa pili. Abdinoor alikaa mstari wa tatu. Dahabo alikuja na mama mkwe wake, wakapotea upande wa wanawake pamoja na wengine. Mimi nilisimama kando ya jukwaa na mashine isiyo na kaseti ndani. Kijana wa mchezo akaja na chombo chake mpaka mlango wa mikeka.

"Aliye ndani, naomba maji."

Kibanda kilinyamaza. Kijana alinitazama mimi. Sikuwa na kitu cha kumpa. Mkono wangu ulikuwa kwenye tasbihi, moja, mbili, tatu. Mwanamume mmoja nyuma akaguna. Nne, tano. Maalim alikuwa amefumba macho. Sita.

Kwenye ya saba, nyuma ya pazia, sauti ya kizee mmoja wa hapa mjini ikasema, "Njoo karibu, wazee wamekwenda kuswali."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Kijana akajibu. Kwenye mstari uliofuata kizee hakuwa peke yake, walikuwa watatu au wanne. "Mume wangu amekwenda na ngamia, na mvua mbili zimepita." Tulipofika kisimani walikuwa upande mzima, wazee na wasichana, sauti moja nzito ikitoka nyuma ya nguo, hata mikeka ya kibanda niliiona inatikisika, au labda nilikuwa natetemeka mimi.

Halafu wakafika pale. "Usiniulize kama nampenda. Niulize kama naukumbuka uso wake."

Nilimtazama Abdinoor. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa pazia, macho ameyafumba, shingo ameinyoosha kama mtu anayetafuta sauti moja katika mia. Sijui kama Dahabo alisema nao au alikaa kimya kama alivyoahidi. Sijui kama mume wake aliisikia. Waliendelea kuishi pamoja na walipata watoto wengine, nami sikuwauliza, wala wao hawakunieleza.

Najua tu kwamba kimya kile kirefu kilipokuja, kifua kilianza kuniwasha. Nilijifunga mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakanitoka, nikahesabu punje zote ishirini. Tangu siku hiyo napima maiki kwa moja, mbili, kama watu wengine.